Santuri ya Pili

Kitabu cha kwanza cha mtunzi huandikwa na maisha yake yote. Kitabu cha pili huandikwa mbele ya macho ya watu. Nilikuwa nimekwisha kufundisha fasihi miaka mingi kabla ya kuijua kweli hii, wala sikuipata kwa kusoma. Niliipata kwa kosa nililolitenda, na kosa lenyewe nililitambua kwa kusikiliza santuri ya vijana wa Marekani, ya muziki ambao mwanzoni sikuupenda hata kidogo. Nataka kueleza mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu moyoni mwangu hayatengani.

Kosa ni hili. Mwaka 2006 rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule huko Pangani, alitoa diwani yake ya pili. Simtaji jina, kwani hakunipa ruhusa. Diwani yake ya kwanza ilikuwa na tarbia zilizonyooka kama mistari ya mnazi kwa mnazi katika shamba la mtu mwangalifu: vina vyake havikuteleza, mizani yake haikupungua, na sisi tuliopenda ushairi wa kale tulimshangilia. Diwani ya pili haikuwa hivyo. Beti nyingine zilikuwa na mishororo minne, nyingine mitatu, nyingine ulikatika mshororo katikati kama kamba iliyoliwa na panya. Niliombwa kuihakiki. Niliisoma usiku mmoja, mara moja, nikiwa na rundo la mitihani ya wanafunzi mezani. Asubuhi niliandika kurasa mbili, nikasema kwamba mtunzi amepotea njia aliyoijua na hajaiona njia nyingine. Neno lile lilipendwa. Watu walilirudia katika mazungumzo, nami nilifurahi kusikia likirudiwa. Rafiki yangu hakujibu, na tangu siku ile hakutoa diwani nyingine.

Miaka minne baadaye nilikwenda kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kilichoko Athens, katika jimbo la Georgia. Ni mji wa wanafunzi, wenye udongo mwekundu na miti mingi, na kwa ukubwa wake mdogo umetoa wanamuziki wengi kuliko miji iliyouzidi mara kumi. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana aliyehangaika sana na ngeli za majina lakini hakukata tamaa, alikuja siku moja ofisini na kisahani cha muziki. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba bendi hiyo iliishi mjini humo na kwamba nyimbo nyingi za santuri ile zilitungwa humo humo. Kisha akaongeza sharti. "Mwalimu, tafadhali sikiliza mara tatu. Usiseme neno kabla ya mara tatu."

Nilicheka. Mwanafunzi hampi mwalimu masharti. Lakini nilimwahidi, na ahadi ni deni.

Bendi hiyo huitwa Neutral Milk Hotel, na santuri yake ya pili, In the Aeroplane Over the Sea, ilitoka Februari 1998. Ina nyimbo 11, nazo zote pamoja hazifiki dakika 40. Kiongozi wa bendi, Jeff Mangum, alizaliwa mwaka 1970 na kukulia katika mji mdogo wa Ruston, jimbo la Louisiana. Wenzake wa utotoni walikuwa Robert Schneider, Bill Doss na Will Cullen Hart. Vijana hao walijirekodi wenyewe nyumbani na kupeana kanda zao mkono kwa mkono, kabla ya kuwapo mtu mwingine duniani wa kuzisikiliza. Walipokua walitawanyika, huyu Denver na yule Athens, lakini walibaki jamaa moja, na jamaa hiyo wakaiita Elephant 6. Muziki wao ni wa namna iitwayo roki ya kujitegemea, yaani ule unaotolewa na kampuni ndogo zisizotegemea fedha wala amri za kampuni kubwa. Kampuni iliyotoa santuri zao, Merge Records ya North Carolina, ilianzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wawili, Mac McCaughan na Laura Ballance, waliotaka tu njia ya kuzifikisha nyimbo zao na za marafiki zao kwa watu.

Usiku wa kwanza nilisikiliza mpaka mwisho kwa kujilazimisha. Mwimbaji hakuimba, alipaza sauti. Na kila alipoifikia noti ya juu aliishika kwa nguvu kama mtu ashikaye jani la mwiba. Gitaa lilikwaruza. Maneno yalichanganya mauti na mapenzi, Mungu na miili, ndege na bahari, bila ya kumsaidia msikilizaji kuvuka kutoka jambo hili hadi lile. Nilijua tayari uhakiki ambao ningeuandika. Ungesema kwamba mtunzi amepotea njia.

Nilishtuka. Maneno yale yalikuwa yangu, nami nilikuwa nimekwisha kuyatumia.

Kabla ya kusikiliza mara ya pili nilitaka kujua kitu hiki kilitengenezwaje. Santuri ya kwanza ya bendi hii, On Avery Island, ilitoka mwaka 1996. Wakati huo bendi ilikuwa karibu sawa na mtu mmoja: Mangum alipiga ala nyingi mwenyewe, na Schneider akamrekodi huko Denver kwa mashine ya kanda yenye njia nne tu. Baada yake ndipo alipokusanya wenzi. Jeremy Barnes, mpiga ngoma, alikuwa mwanafunzi wa chuo Chicago akaacha masomo. Scott Spillane alipuliza tarumbeta na jamii yake. Julian Koster alipiga akodiani, na alipiga pia msumeno: msumeno wa seremala hasa, unaokunjwa gotini na kusuguliwa kwa upinde wa fidla mpaka ulie kama mtu.

Katika majira ya joto ya mwaka 1997 walikutana Denver, katika studio ya Schneider iitwayo Pet Sounds, iliyokuwa ndani ya nyumba ya kuishi watu. Schneider alikuwa fundi mwenye fikira zake. Gitaa la Mangum lilikuwa la mbao, la kawaida, lakini sauti yake ilisukumwa mitamboni kupita kipimo mpaka ikavurugika na kuota meno. Ndicho kile nilichokiita kukwaruza. Haikuwa bahati mbaya. Yeye na Spillane walizipanga pembe na tarumbeta ili zije si kwa kupamba, bali kwa kuingia kama wageni wa msibani, wote kwa pamoja. Schneider huyu baadaye alisoma hisabati, akapata shahada ya udaktari katika nadharia ya namba. Sikustaajabu nilipolijua hilo. Katika santuri ile kila kinachoonekana fujo kimehesabiwa.

Si kila kitu, lakini. Kuna wimbo mmoja mrefu uitwao Oh Comely, wa dakika nane na zaidi. Mangum aliketi apige kidogo tu ili mitambo ipimwe. Badala yake aliuimba wote tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea, na huo ndio uliowekwa katika santuri. Mwishoni kabisa husikika, kwa mbali, sauti ya mwenziwe akipiga kelele ya mshangao kutoka chumba cha pili. Wangeweza kuifuta sauti hiyo. Waliiacha.

Na maneno yale niliyoyaona kuwa hayana daraja? Mangum alikuwa amesoma shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha na jamaa zake Amsterdam tangu Julai 1942, akakamatwa Agosti 1944, akafa katika kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, hajatimiza miaka 16. Mangum amesimulia kwamba kitabu kile kilimliza siku kadhaa, na kwamba aliota kurudi nyuma katika wakati ili amwokoe. Mtu mzima wa Louisiana, aliyezaliwa miaka 25 baada ya kifo chake, anamlilia msichana asiyemjua na anataka kumtoa kaburini kwa wimbo! Jambo hilo halina mantiki. Lakini ni nani kati yetu amewahi kufiwa kwa mantiki?

Nilisikiliza mara ya pili nikijua haya, na tarumbeta zile zilinipeleka mbali. Zilinikumbusha hadithi za babu yangu juu ya ngoma za beni, wakati vijana wa pwani walipozichukua ala za shaba za askari wa kizungu na kuzitia kiburi na furaha yao wenyewe. Akodiani nayo ikanipeleka katika taarabu ya zamani. Sisemi kwamba vijana wa Denver waliijua pwani yetu, hapana. Nasema kwamba masikio yangu yalikuwa na njia ya kuufikia muziki ule tangu usiku wa kwanza, nami sikutaka kuipita kwa kuwa nilikuwa nimechoka.

Mara ya tatu sikuandika lolote. Nilisikiliza tu, na wimbo ulipokwisha nilisikia kimya chake.

Sasa nieleze jinsi santuri hii ilivyopokewa, maana hapo ndipo penye fundisho. Kampuni ilitazamia kwamba ingeuzwa kama ile ya kwanza, ikatoa visahani 5,500 na santuri za sahani kubwa 1,600. Ni hesabu ya mtu asiyengojea mafuriko. Wahakiki walitofautiana. Jarida la Rolling Stone liliipa nyota 3 kati ya 5, kama mwalimu ampaye mtoto alama za kumtosha kuvuka darasa. Gazeti la Pitchfork liliipa alama 8.7 kati ya 10. Bendi ikasafiri mwaka ule wa 1998, ikapiga Marekani na Ulaya, na wasikilizaji wakaanza kuongezeka. Kisha wakazidi kuongezeka. Mwaka 2005, santuri ilipotolewa upya Ulaya, gazeti lile lile la Pitchfork lilimpa mhakiki mwingine aipime tena, naye akaipa 10 kamili. Mwaka 2008, miaka kumi baada ya kuzaliwa, ilikuwa ya sita kwa kuuzwa miongoni mwa santuri za sahani kubwa katika Marekani nzima.

Santuri haikubadilika hata kwa noti moja kati ya alama ile na hii. Waliobadilika ni wasikilizaji. Mimi, ambaye nilikuwa nimepima kazi ya rafiki kwa usiku mmoja na kutia muhuri, nilizitazama alama hizo mbili kwa muda mrefu.

Lakini kisa hakikwishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonitatiza zaidi. Wakati sifa zilipokuwa zikipanda, mwenyewe hakuwapo. Baada ya safari za 1998 Mangum aliacha. Hakutoa santuri ya tatu, wala hajaitoa mpaka leo. Watu walimtaka aeleze maana ya kila neno. Barua, maswali na mapenzi ya wageni vilimwelemea, na alikiri katika mazungumzo ya mwaka 2002 kwamba alikuwa amevunjika. Mwaka 2001 aliotoa kazi, ilikuwa ya sauti za watu wengine: wanakijiji wa Bulgaria wakiimba na kupiga ala katika tamasha lao la Koprivshtitsa, naye amewarekodi tu, amekaa pembeni na kinasa sauti.

Wahenga wetu walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo nimeifundisha mara nyingi, na siku zote niliifundisha kama onyo kwa mgema. Kumbe kuna mgema wa namna nyingine. Huyu aliposifiwa hakutia maji. Alishuka mnazini, akaiweka kotama chini, akaenda zake. Na huko Pangani kulikuwa na mgema mwingine, ambaye tembo lake lilitemwa na mtu aliyeonja funda moja, naye pia alishuka. Mmoja ameshushwa na sifa, mwingine ameshushwa na dharau. Minazi yote miwili imesimama bila mtu. Basi msomaji ana wajibu gani kwa mtunzi, ikiwa kumpenda humnyamazisha na kumdharau humnyamazisha?

Niliirudi diwani ya rafiki yangu. Nilikuwa nimeisafirisha mpaka Georgia bila kujua kwa nini. Niliisoma mara tatu, usiku tatu mbalimbali, bila mitihani mezani. Usiku wa pili niliona jambo ambalo mtoto wa shule angeliona. Mishororo haikukatika ovyo. Ilikatika palipotajwa dada yake, aliyefariki baina ya diwani ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nimehudhuria mazishi yake. Nilikuwa nimebeba jeneza. Na bado nilisoma ubeti uliokosa mshororo wa nne nikahesabu mizani, nisiulize ni nani aliyekosekana.

Nataka nisijidanganye upande wa pili vile vile. Si kila kitabu kilichodharauliwa ni lulu. Vitabu vingi vya pili vimesahauliwa kwa haki, na mhakiki anayeogopa kusema kibaya ni kibaya hana faida kwa mtunzi wala kwa msomaji. Katika diwani ile yamo mashairi manne au matano ambayo hata baada ya usiku tatu niliyaona dhaifu, na mpaka leo nayaona dhaifu. Kosa langu halikuwa ukali, lilikuwa haraka. Nilitaka kazi ya pili iwe ile ya kwanza tena, na ilipokataa niliita kukataa kwake kupotea.

Nilirudi nyumbani mwaka 2012. Desemba ya mwaka ule nilipanda basi toka Tanga mpaka Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, na kumkuta rafiki yangu barazani kwake akisahihisha madaftari. Nywele zilikuwa zimemwingia mvi.

"Karibu, ndugu yangu," alisema, kana kwamba tuliagana jana. "Umekonda. Huko hawali?"

Tulikunywa kahawa. Nilimweleza yote: usiku ule mmoja, kurasa zile mbili, na jinsi nilivyouona mshororo uliokosekana nikiwa mbali na kaburi lenyewe. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akiligeuza kombe la kahawa mkononi.

"Uliniuma," alisema. "Siwezi kusema hukuniuma. Lakini usijipe ukubwa usio wako. Sikuacha kwa ajili yako. Niliacha kwa sababu nilikuwa na jambo moja la kusema juu ya marehemu, nikalisema. Mlipolikataa sikuwa na jingine, na kama mngelipokea pia nisingekuwa na jingine."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekuja na hatia yangu kama zawadi, naye amenirudishia nusu yake mlangoni. Ili kukiondoa kimya nilitoa kisahani kile nilichopewa na mwanafunzi, tukakitia katika redio yake kuu kuu. Alisikiliza nyimbo mbili tatu akiwa amefumba macho. Maneno hakuyafuata, kwa kuwa mwimbaji huyameza. Lakini ulipolia msumeno alifumbua macho akaniuliza ni ala gani. Nilipomweleza alicheka sana, akasema kwamba seremala wa jirani yake angefaa kuitwa asikie.

"Na ya tatu?" aliuliza mwishoni. "Ya tatu ikoje?"

"Haipo. Ametoa mbili tu."

"Watu wanamtaka atoe?"

"Wanamtaka mno. Wanamngojea mwaka wa kumi na nne sasa."

Alitikisa kichwa. "Mwacheni," alisema. "Kama lipo atalisema."

Mwaka uliofuata, 2013, bendi ile ilirudi majukwaani, ikazunguka kwa kuimba nyimbo zile zile za kale mpaka mwaka 2015, kisha ikanyamaza tena. Makundi ya watu waliokuwa watoto wachanga mwaka 1998 walizijua nyimbo zote kwa moyo. Wimbo mpya hawakupewa, na nimesikia kwamba hawakunung'unika. Nilimwandikia rafiki yangu habari hiyo, akajibu kwa mstari mmoja: "Si nilikwambia?"

Nimekwisha kuandika uhakiki wa pili wa diwani yake, na humo nimetaja mashairi yaliyo dhaifu na yaliyo bora, na nimekiri kwa jina langu kwamba uhakiki wa kwanza ulikuwa wa usiku mmoja. Watu wachache wameusoma. Neno langu la kale, lile la kupotea njia, bado hurudiwa. Jana tu nililisikia kwa mwanafunzi aliyelinukuu mbele yangu bila kujua ni la nani. Nilimwuliza kama ameisoma diwani yenyewe. Alisema bado. Nilimpa nakala yangu, na nikampa sharti ambalo mimi pia nilipewa na mwanafunzi: aisome mara tatu, wala asiseme neno kabla ya mara tatu.